Sauti ya Pili Kwenye Dawati

Swali lilitokea kwenye kioo cha mashine mchana, chai ya Sekela ikiwa imeshapoa na Eliwaza wa meza ya jirani akiwa katikati ya kisa cha harusi ya shangazi yake.

*Darasa la pili. Dawati la dirishani. Watoto ni wawili. Nasikia sauti moja. Unasemaje?*

"Ngoja kwanza," Sekela alisema, akavaa spika za masikioni.

"Ningoje nini, na bwana harusi ameshakimbia?"

"Eliwaza, ngoja bwana."

Kwanza alisikia mvua juu ya bati. Kisha mwalimu: "Nne mara tatu?" Darasa zima likaitikia kwa mpigo mmoja, sauti zikipanda pamoja na kushuka pamoja: "Kumi na mbiliii!" Mashine ikaanza kuchambua. Ikazipunguza sauti za mbali, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ile ya dawati la dirishani peke yake. Sauti nyembamba, yenye kikwaruzo cha mafua, inayolivuta neno la mwisho kidogo kuliko wenzake.

Sekela akatabasamu kabla hajajua kwa nini. Ilikuwa sauti ya Lugano, binti yake.

Sheria ya chumba kile ilikuwa nyepesi: ukisikia sauti unayoijua, nyanyua mkono, swali lihamie kwa mwenzako. Ndiyo maana kioo hakikuonyesha jina la mtoto wala la shule. Mkono wa Sekela ulikuwa pale mezani, karibu na kikombe. Hakuunyanyua. Alimwacha Lugano alfajiri akiwa amelala, na jioni angemkuta amechoka, hana habari ya kusimulia. Na sasa mtoto yuko masikioni mwake, anajibu hesabu. Ni mama gani angekabidhi kitu kama hicho kwa jirani? Akasema moyoni, dakika moja tu.

Wilaya ya Ukindo iliacha mitihani kabla Lugano hajazaliwa. Kila darasa la shule ya msingi ya serikali liliwekewa Sikio, kidude cha duara chenye rangi ya udongo, ukubwa wa kitumbua, juu ya ubao. Sikio halikuuliza chochote. Lilisikiliza tu, mwaka mzima, likajua nani anajibu kwa kuelewa na nani anabahatisha, nani anasoma na nani amekariri. Kila mwisho wa muhula lilizilinganisha shule zote za wilaya na kuzipanga kwenye Ngazi. Shule ya chini kabisa ilipelekewa walimu wa kuongeza nguvu. Ya juu kabisa ilipewa zawadi, na mwaka huu zawadi ilikuwa kuta za joto. Huku kwenye baridi inayoganda juu ya majani asubuhi, ambako mtoto hawezi kushika penseli mpaka jua lipande, kuta za joto si jambo la kuchezea.

Shida ni kwamba waliotengeneza Sikio walitoka mahali ambako mtoto hunyoosha kidole na kujibu peke yake. Huku darasa hujibu kwa pamoja. Muhula wa kwanza Sikio lilitangaza kwamba kila darasa la Ukindo lina mwanafunzi mmoja, mkubwa sana. Watu walicheka mwezi mzima. Ndipo mafundi wakaongeza kanuni ya kufuata: mtoto ambaye sauti yake imemezwa na wenzake apewe kipimo cha walioketi karibu naye, mradi mtu aliyesomea madarasa ya namna hiyo athibitishe. Ndiyo kazi aliyoipata Sekela baada ya kumaliza masomo yake ya jioni, akiwa na Lugano mgongoni nusu ya vipindi.

Akasikiliza tena. Nyuma ya sauti ya Lugano palikuwa na kitu chepesi, kama pumzi. Midomo inafunguka na kufumba kwa wakati wake, lakini hakuna neno.

Majibu yalikuwa mawili. *Hajasikika*: kipimo cha mtoto kinakuwa sifuri, shule inashuka, na ndani ya wiki gari jeupe linafika shuleni likiwa na daktari na mwalimu wa mahitaji maalumu. Au *Anafuata*.

Sekela alikuwa mtoto wa namna hiyo. Darasa la kwanza na la pili hakutoa sauti hata siku moja. Alifungua mdomo, akawaacha wenzake wambebe, na siku fulani akashtuka anajua. Je, ingekuwa heri siku zile angekuja daktari na gari lake, watoto wakapanda madirishani kuchungulia, jina la bubu likamganda mpaka anaolewa? Hapana. Haya ni ya aibu tu, yanapita yenyewe. Alijisikia kama anamfunika mtoto wa mtu kanga.

Akabonyeza *Anafuata*.

*Asante,* kioo kikaandika, kama kawaida yake. *Nimejifunza.*

"Haya," alisema Sekela, akivua spika. "Bwana harusi amekimbilia wapi?"

*

Shule ya Msingi Lyanika, anakosoma Lugano, ikawa ya kwanza wilayani.

Walichinja mbuzi wawili. Mwalimu mkuu, Mwalimu Kyando, alivaa suti yake ya kahawia na kusimama mbele ya wazazi akitokwa jasho, maana mafundi walikuwa wameshafunga kuta mpya na madarasa yalikuwa na joto kama jikoni. Wazazi waliingia, wakagusa ukuta, wakatoka wakicheka, wakaingia tena. Bibi mmoja aliegemeza mgongo wake pale na kukataa kutoka kwenda kula.

"Wale wa shule ya Isowelo wako wapi leo?" mtu akapaza sauti nje. "Walikuwa wanatuita wa mabondeni!"

"Waje waote moto kwetu!"

Darasa la pili likaombwa lionyeshe. Mwalimu Sanga, kijana wa mwaka wa kwanza kazini, aliuliza, na watoto wakajibu kwa mpigo uleule, vizuri mpaka mgeni wa wilaya akapiga makofi. Sekela alikuwa amesimama pembeni, karibu na dirisha. Alimwangalia Lugano, kama mama yeyote. Na kwa kuwa alimwangalia yeye tu, akauona mguu wake.

Chini ya dawati, goti la Lugano lilikuwa limegusana na goti la mwenzake, Tusajigwe, waliyemwita Tusa. Kila mwalimu alipomaliza kuuliza, goti la Lugano liligonga. Mara moja, na mdomo wa Tusa ukafunguka. Mara mbili, ukafumba. Macho ya Tusa hayakuwa kwa mwalimu hata kidogo. Yalikuwa kwenye midomo ya Lugano, yamekazwa kama ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Sekela akasogea hatua moja aone vizuri.

"Mama Lugano! Nakutafuta wewe."

Alikuwa Mama Tusa, mfumaji wa masweta ya shule, mwanamke mwembamba asiyejua kusimama bila sindano mkononi. Alimkumbatia, kisha akatoa soksi za sufu jozi mbili, nyekundu, zinazofanana.

"Moja ya Lugano, moja ya Tusa. Wavae sare, maana wanaishi kama mapacha. Na wewe nakushukuru, uko huko huko wanakopima."

"Mimi sipimi, mama. Nasikiliza tu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Dada, ngoja nikwambie." Akashusha sauti. "Mimi nilikuwa na wasiwasi na huyu mtoto. Namwita, kimya. Namtuma chumvi, analeta kiberiti. Sikio la kushoto linatoka maji tangu masika. Nikasema nitampeleka hospitali ya mkoa, hata nauli nilishaazima. Halafu simu ikalia, ile ya Ngazi: mtoto wako anasikia vizuri, anajibu vizuri, ni wa nne darasani." Akacheka na kutikisa kichwa. "Wa nne! Nikajua, kumbe ni ukaidi. Nyumbani hataki kuitika, shuleni anaitika. Basi nikamchapa. Nilimchapa vizuri, mama Lugano, na sasa akiniona nageuka tu anakuja mbio. Amenyooka."

Sekela alizikumbatia zile soksi kifuani kwa mikono miwili. Sufu ilikuwa na joto la mikono ya yule mama.

"Mbona hivyo? Baridi?" Mama Tusa akauliza. "Njoo ukae huku ukutani."

*

"Lugano."

"Abee mama."

Walikuwa njiani kurudi, kati ya mashamba ya chai, jua halijazama bado. Lugano alikuwa ameshavaa soksi zake na alikuwa anarukaruka kuziangalia.

"Tusa anasikia?"

Kuruka kukakoma.

"Anasikia."

"Lugano."

"Anasikia ngoma. Ngoma kubwa." Mtoto akakata jani la chai, akaanza kulichanachana. "Ukimsemesha huku," akagusa sikio lake la kulia, "na upige kelele, anasikia kidogo. Huku kumekufa. Anaweka pamba lakini linanuka. Mama, usimwambie mtu."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Kwa sababu watampeleka ile shule ya bweni ya mbali, halafu mimi nitakaa na Festo, na Festo ananuka mkojo." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu mzima: "Na ameniomba. Alilia. Nikamwambia basi, mimi nitakuwa nakugonga. Tunaweza, mama. Hata mbele ya Sikio hatujawahi kukosea. Lilisema yeye ni wa nne!"

Alisema hivyo kwa fahari. Sekela akachuchumaa, akamfunga vifungo vya sweta ambavyo havikuwa vimefunguka. Mtoto wa miaka minane alikuwa amebeba masikio ya mwenzake muhula mzima na hakukosea hata mara moja. Aliyekosea alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, akifurahia sauti ya mwanaye.

"Lilianza lini kufa? Hilo la kushoto?"

Lugano akafikiri. "Mwanzoni lilikuwa linauma tu. Lilikufa baada ya sisi kuwa wa nne."

*

Bi. Mgaya, mkuu wa chumba cha kusikiliza, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alimsikiliza Sekela mpaka mwisho bila kuacha kumenya chungwa.

"Funga mlango," alisema.

Sekela akafunga.

"Sasa nisikilize mwanangu. Hospitali ya mkoa kuna daktari wa masikio, ni mtu wangu, nampigia sasa hivi. Huyo mtoto anapokelewa kesho kutwa. Mama yake hatalipa kitu. Imekwisha."

"Na Ngazi?"

"Ngazi imeshatangazwa."

"Lakini si kweli, mkuu. Lyanika si ya kwanza."

"Ni ya ngapi? Ya tisa? Ya kumi?" Bi. Mgaya akaweka maganda kwenye karatasi. "Watoto mia nne wanasoma kwenye joto kwa mara ya kwanza tangu shule ile ijengwe. Ukitengua, mafundi wanakwenda kuzibandua zile kuta mbele yao wazipeleke Isowelo. Na wewe unaondoka, maana ulisikia sauti ya mwanao na hukunyanyua mkono. Hilo sina namna ya kulifunika likishafunguliwa. Unajua nilivyopigania wasichana wa masomo ya jioni waingie humu? Mtoto anatibiwa, kuta zinabaki, wewe unabaki. Nani anaumia?"

Sekela alijaribu kumpata anayeumia, akamkosa. Ilikuwa nafuu kubwa. Alirudi mezani kwake. Eliwaza akamsogezea chai bila kuuliza, kitu ambacho hakikuwa desturi ya Eliwaza.

Asubuhi ikapita. Kazi ilikuwa chache. Siku hizi ilikuwa chache kila siku. Mashine iliuliza maswali machache kuliko zamani, na wote walisema ni kwa sababu inaerevuka. Eliwaza alikuwa anafuma kitambaa cha meza kazini.

Sekela akaacha kikombe njiani kabla hakijafika mdomoni.

*Nimejifunza.*

Akavuta kiti. Akaandika polepole: *Dawati la dirishani, Lyanika. Ulijifunza nini pale?*

Kioo kikajibu mara moja, kwa adabu yake ileile.

*Kwamba midomo ikifunguka kwa wakati na hakuna neno, mtoto anafuata. Ulikuwa mfano ulio wazi sana. Sasa siulizi tena.*

*Umewapitisha wangapi kwa mfano huo?*

Madawati yakaanza kujipanga. Isowelo, darasa la kwanza, mstari wa nyuma. Isowelo tena. Shule za ng'ambo ya mto ambazo Sekela hakuwahi kuzifikia. Darasa la tatu, la nne, mtoto wa karibu na mlango, mtoto wa karibu na kabati. Kioo kikajaa, kikasogea juu, kikajaa tena, na kila mstari ulikuwa mtoto anayefungua mdomo kwa wakati wake, na nyumbani kwake simu imeshalia kusema anasikia vizuri.

"Eliwaza," Sekela aliita. "Njoo uone."

Eliwaza akaja na kitambaa chake. Akasoma. Akaacha kufuma.

"Wote hawa ni viziwi?"

"Sijui. Wengine wana aibu tu. Wengine wana njaa labda. Sijui, Eliwaza, ndiyo maana ya kwenda kuwaangalia! Mimi ndiye niliyelizuia gari la daktari lisiwafikie."

"Ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua kunyanyua mkono."

Bi. Mgaya alikuwa amesimama mlangoni. Alisoma kutoka pale pale, miwani ikiwa kwenye paji la uso, kisha akaivaa na kusoma tena. Hakusema habari ya kuta. Alikaa kwenye ukingo wa meza, mzito, kama mtu aliyetua gunia.

"Ukilifuta jibu lako, mashine itakuuliza sababu kwa sauti," alisema mwishowe. "Na sauti yako inasikika shule zote. Ndivyo ilivyotengenezwa, isije mtu akafuta kwa siri."

"Najua."

"Basi kabla hujasema humu, kasemee mahali pengine kwanza. Yule mama asisikie kwenye simu."

*

Mashine ya kufumia ya Mama Tusa ilikuwa inakwenda na kurudi, kra-kra, kra-kra, na haikusimama Sekela alipoanza kusema. Ilipunguza mwendo tu. Alipofika kwenye kitufe, ikasimama.

"Rudia hapo," alisema Mama Tusa.

"Mashine iliniuliza kuhusu Tusa. Nikasema anafuata. Ningesema hajasikika, daktari angekuja wiki ileile."

"Wiki ipi?"

"Kabla simu haijakupigia."

Mama Tusa akaangalia uzi uliokuwa umekaza kati ya vidole vyake. Nje, Tusa alikuwa anafukuza kuku, akicheka kicheko chake kikubwa kisicho na kipimo.

"Kabla sijamchapa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilimwita mara tatu. Alikuwa amenipa mgongo, anachambua maharage. Nikamwita mara tatu, nikachukua mwiko." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayehesabu mishono. "Aligeuka anacheka. Alidhani nacheza naye. Mpaka pigo la pili."

"Mama Tusa, nisamehe."

"Usiniombe sasa hivi. Sina mahali pa kuiweka." Akainuka, akatafuta kanga, akaiona, akaiacha. "Huyo daktari ni lini?"

"Kesho kutwa. Bi. Mgaya ameshampigia. Nitakwenda na wewe, nitambeba—"

"Hapana. Nitampeleka mimi." Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni. "Lugano aje, kama atapenda. Yeye anajua kuzungumza naye. Wewe nenda kafute hicho kitu. Wako wengine wanaochapwa leo."

Sekela akaenda. Akavaa spika, na mashine ilipomuuliza sababu, akasema jina lake kamili, jina la binti yake, na kwamba alisikia sauti anayoijua akapenda kuendelea kuisikiliza. Alitaka kuongeza kwamba alikuwa na nia njema. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza, akabonyeza.

*Asante,* kioo kikaandika. Halafu, baada ya kusita ambako hakuwahi kukuona: *Nitauliza tena.*

*

Kuta zilibanduliwa siku ya baridi kali kuliko zote, kwa kuwa ndiyo siku gari lilipopatikana. Lyanika walikuwa wameshuka mpaka nafasi ya kumi na moja. Isowelo nao hawakubaki juu. Madawati yao ya kimya yaliwashusha pia, na kuta zikaenda shule ndogo ya ng'ambo ya mto ambayo hakuna aliyewahi kuizungumzia.

Sekela alijua wangemsema, na walimsema. "Mwenye roho safi anapita," mwanamke mmoja sokoni alisema, "fungeni masweta." Mwalimu Kyando aliitikia salamu yake kwa kichwa tu. Yule bibi wa ukutani ndiye aliyemvunja moyo: alimshika mkono na kumwambia kwa upole kwamba hana neno naye, ila mgongo ulikuwa umeanza kupona.

Magari meupe yalizunguka wilaya nzima muhula ule. Si watoto wote walikuwa na tatizo la kusikia. Wengine walikuwa na aibu, kama yeye alivyokuwa. Mmoja hakujua Kiswahili, hakuna aliyekuwa amegundua. Lakini wengine walikuwa kama Tusa, na Eliwaza, ambaye bado alikuwa kazini, alikuwa akimletea habari zao jioni bila utani wowote.

Sekela sasa alipika uji wa shule kwa zamu na kinamama wengine, kazi ambayo hakuna aliyemkataza. Asubuhi moja alikuwa anafuta sufuria nyuma ya darasa la pili. Madirisha yalikuwa wazi nusu, mvuke ukitoka midomoni mwa watoto.

"Nne mara tatu?" Mwalimu Sanga aliuliza.

"Kumi na mbiliii!"

Na nyuma yao, imechelewa, nzito, na kubwa kupita kiasi: "Kumi na mbili!"

Darasa likacheka. Sauti ya Festo ikasema, "Tusa unapiga kelele!" na ile ya Lugano ikamjibu Festo jambo ambalo halifai kuandikwa. Mwalimu akawanyamazisha. Sekela alikuwa ameegemea ukuta mtupu, kitambaa kikimdondokea maji miguuni.

Sikio la kulia la Tusa waliliwahi. La kushoto hawakuliwahi. Daktari alimwambia Mama Tusa kwamba wangefika muhula mmoja mapema, yangepona yote mawili, na Lugano, aliyekuwepo, akaja kulisema nyumbani neno kwa neno, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiseme.

Kengele ya uji ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani. Kwenye uzio alikuwa amesimama Mama Tusa na furushi la masweta ya kuuza. Alimwona Sekela. Hakutabasamu, wala hakugeuza uso. Kisha akamwona binti yake katikati ya uwanja, amempa mgongo, ameinama anavuta soksi nyekundu.

"Tusa," aliita. Si kwa nguvu. Kama mtu anavyomwita mtoto aliye jikoni.

Kichwa cha Tusa kikainuka. Kikageukia upande wa kulia, kikatafuta kidogo, kikampata.

"Abee mama!"

Mama Tusa akafungua mdomo, na ilionekana wazi kwamba hakuwa na la kumtuma. Watoto walikuwa wanampita Tusa huku na huku na vikombe vyao. Sekela akabaki palepale na sufuria yake, mikono ikimfa ganzi kwa baridi, wala hakuisogeza.

"Tusa," yule mama akaita tena.

"Abee."